Vidole vya Dada Zaina

Juzi mjukuu wangu kaja na karatasi ya vinundu, ile wasioona wanayosoma kwa vidole. Weee, nikamkumbuka dada yangu Zaina, asiyeona tangu kuzaliwa!

Nilipokuwa mtoto mdogo, Zaina alirudi likizo kijijini kwetu Mgwashi na karatasi kama hiyo, ngumu, inanukia sanduku la bati. Baba hakutaka arudi shule.

"Kipofu asome nini? Abaki achambue maharage."

"Baba, nisikilize kwanza."

Baba akaifunika karatasi kwa kanga, eti asichungulie. Zaina akapenyeza mkono, akasoma taratibu: "Mkulima hodari huamka mapema."

Baba akaangua kicheko. "Mimi na macho yangu mawili, kwenye kisomo cha watu wazima bado nahangaika na ba, be, bi! Shule ikifunguliwa, arudi!"

Mimi nilikuwa nimejipenyeza chini ya kanga, navigeuzageuza vidole vya dada, natafuta macho yamejificha kidole gani.