Unga wa Kuaga Makaburi

Mjomba wangu alipokuwa sajini wa polisi pale Kilosa, sisi watoto wa dada yake tulitembea kwa maringo. Uhuru ulimkuta bado na kaptura yake ya kaki. Baadaye akavua magwanda, akaingia chamani, akagombea ubunge. Siku hizo wagombea walikuwa wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Yeye alipata nyumba. Bibi, mama yake mzazi, alizunguka vilima vyote vya juu ya Munisagara akiwaambia watu wachague nyumba, na mwanawe akashinda.

Haikupita miaka mingi, mbunge huyo wa nyumba akaja kutubomolea nyumba.

Tuliambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, kule chini karibu na reli. Watu wakisimulia habari zile husema wazee walikuwa wabishi. Uongo. Bibi yangu hakubisha, alitaka jambo moja tu. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye makaburi. Mkihama, yeye huchota unga wa mtama, huunyunyiza juu ya makaburi na kuwaambia waliolala, kwa maneno ya kurithi, kwamba mnaondoka, na mnakwenda wapi. Bila hivyo mmewatoroka. Bibi alikuwa Mkristo asiyekosa Jumapili, lakini kumtoroka mama yake aliyelala pale nyuma ya nyumba hakuweza. Akatwanga mtama, akajaza unga kwenye kibuyu, akamngoja mwanawe.

Mjomba alikuja kwa Landrova, akitokea mkutanoni Mikumi, pamoja na viongozi wawili wa wilaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unga uko tayari."

Aliwatazama wenzake, akakohoa. "Mama, hayo ni mambo ya zamani. Tutazungumza nikirudi."

Kisha akasimama mbele yetu, miguu imeachana, mikono nyuma, vilevile alivyokuwa akisimama kituoni. "Ndugu wananchi," akaanza. Hata mama yake mzazi akawa ndugu mwananchi! Niliona haya, nikainamisha kichwa.

Hakurudi. Paa letu likashushwa, bibi akateremka kwa miguu amekikumbatia kile kibuyu. Huko chini alishinda mlangoni akitazama vilima. Alipoanza kuugua, kila gari lililopita aliuliza kama ni mwanawe. Masika hayakwisha, akafariki.

Mazikoni mjomba alifika. Sasa, kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani wa ukoo wetu, mzee mfupi asiye na breki mdomoni, alijitumbukiza kaburini kabla ya maiti, kama ilivyo desturi, asitoke mpaka apewe chake. Lakini safari hii hakulala mle ndani. Alisimama, miguu imeachana, mikono nyuma.

"Ndugu wananchi!" akapaza sauti. "Bibi huyu hana kibali cha kulala hapa! Arudi kwa mama yake!"

Watu waliangua kicheko, hata mimi na machozi yangu. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo mbunge naye ilibidi atabasamu. Akamnyooshea noti. Mtani akaikataa.

"Mimi nataka unga. Waambie wa kule juu kwamba mtoto wao yuko huku, nami nitoke."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mama yangu akaenda nyumbani, akarudi na kibuyu. Unga ulikuwa umeshaingia wadudu. Mjomba alichota, akavigeukia vilima, akanyanyua mkono. Tukangoja. Akaushusha.

"Dada," akamnong'oneza mama yangu, "huwa wanasemaje?"

Ndipo nilipoelewa. Mjomba wake yeye, aliyepaswa kumfundisha, alikufa wakati yeye yuko lindoni mikoa ya mbali. Siku ile ya Landrova hakuwaogopa viongozi. Alimwonea aibu mama yake, hakutaka ajue kwamba mwenye makaburi hayajui maneno ya makaburi.

Mama yangu alitikisa kichwa. Hakuyajua. Pale mazikoni aliyeyajua, kwa kuyasikia tangu utotoni, alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ndani ya jeneza. Angeulizwa, angemwambia mwanawe neno kwa neno, na asingemcheka.

Mtani akapanda kutoka kaburini mwenyewe, hakudai tena kitu, tukamteremsha bibi.