Kitu Kinacholia Jikoni

Natangaza rasmi, kwa masikitiko makubwa, kwamba sitamaliza kutazama kile kipindi cha roboti tulichokipenda utotoni.

Mnakumbuka? Roboti akikaribia nyumba ya mtu, analia piip, piip. Mtu huyo haonekani tena.

Mchana huu, katika nyumba niliyohamia juzi, nimekipata mtandaoni. Nikacheka sana. Kumbe roboti mwenyewe ni karai lililopakwa rangi ya fedha!

Nikasimamisha kidogo niende kuchemsha chai.

Piip. Piip.

Jamani, TV imenyamaza kabisa. Sauti inatoka jikoni.

Nikampigia dada yangu Mwende, nikiwa nyuma ya kochi. (Mtu mzima, mwenye ndevu.)

"Omba!" akasema.

"Naomba!"

"Sasa omba ukitoka!"

Nikakimbilia mlango. Nyuma yangu TV ikazimika yenyewe. Hapo nikapiga nduru.

Jirani yangu mpya, Mama Mutua, akaja na mwiko mkononi. Akaingia jikoni, akatazama ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Kwani kule ulikuwa unakaa, landilodi ndiye alikuwa analipa stima?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni mita ya stima inalia. Tokeni zimeisha."