Paa la Mama Povu

Miaka kumi na moja Mama Povu hakutia mguu ndani ya nyumba yake mwenyewe, lakini hakuna lililofanyika mle asilolijua. Alikuwa dobi. Waliokaa mle walikuwa askari wa jeshi la nje, na nguo zao alizifua yeye. Shuka zikija sita, wamelala sita. Taulo la jikoni likija halina hata tone la mafuta, na foronya zimejaa masizi, basi hao mabwege wanapikia chumbani. Mikono ya mashati ilikuwa na vumbi la chaki, akajua sebuleni kumewekwa ubao.

"Wanafundishana nini?" alimwuliza mkalimani, mwanamume wa mtaa huohuo aliyejifunza lugha ya wale watu, kichwa kikamvimba.

"Mama, wewe fua."

"Nafua kwa mikono. Mdomo una nafasi."

Askari walipoingia walisema watakaa wiki sita. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uleule, akaambiwa asogee kidogo, akasogea. Akahamia chumba cha nyuma kwa wifi yake, dada wa marehemu, mwenye duka la sabuni na betri, mwanamke anayeshtuka hata akiona kivuli cha ndoo.

Sasa ikaja tume. Watu wanne na makabrasha yao, wakakaa darasani pale shuleni kuwauliza watu mmoja mmoja: jeshi liondoke au libaki? Mtaa mzima haukuwa na mazungumzo mengine.

"Libaki," alisema wifi. "Wakiondoka leo, wale wenye bunduki wa milimani wanashuka kesho. Umesahau duka langu la kwanza lilivyochomwa?"

"Sijasahau. Na hawa mabwana zako walikuwa wapi siku hiyo?"

"Walitupigania!"

"Walikupigania wapi? Nguo za siku ile nilizifua mimi. Hata jasho la kwapa halikuwemo."

Wifi alinuna mpaka jioni. Lakini hofu yake haikuwa ya uongo, na Mama Povu alilijua hilo. Wale wa milimani nao walikuwa washenzi.

Siku mbili kabla ya zamu yake na wifi kwenda mbele ya tume, Mama Povu akaitwa na kapteni, mtu mrefu kama ngazi, aliyemsubiri kwenye kizingiti cha nyumba yake kama vile yeye ndiye aliyemwaga zege lake. Mkalimani akamfasiria: aiambie tume jeshi libaki kidogo, na Ijumaa atapewa ufunguo. Wao watahamia lile jengo kubwa la posta.

Nani asingetaka? Miaka kumi na moja analala kitanda kimoja na magunia ya sabuni.

"Mwambie nataka kuona ndani kwanza."

Akaingia. Ubao ulikuwepo sebuleni, kama alivyojua. Masizi chumbani, kama alivyojua. Akajisifu kimoyomoyo. Kisha akainua macho akasimama. Ile kona ya paa iliyovuja tangu alipoolewa, ambayo marehemu aliitibu kwa kuweka sufuria chini yake na kwenda kulala, ilikuwa kavu. Hilo nguo hazikumwambia.

"Nipeni kiti."

Akapanda, na magoti yake yale mabovu, mkalimani kamshika kiuno huku akigeuza uso pembeni kwa aibu. Akagusa. Mbao mpya, nene. Skrubu ndefu. Rangi imepigwa mara tatu. Akagonga kwa vidole kama anayebisha hodi.

"Wametengeneza lini?"

"Mwezi uliopita," alifasiri mkalimani. Kapteni alikuwa anatabasamu, anangoja kushukuriwa.

"Kazi nzuri," alisema Mama Povu, akashuka.

Kwenye tume alimkuta mama mmoja wa miwani, mpole, kalamu mkononi.

"Nyumba yako wameiharibu, mama?"

"Chumba wamekitia masizi. Paa wamelitengeneza, tena vizuri, mume wangu angejificha. Andika hivyo."

"Kwa hiyo unasemaje, wabaki?"

"Waondoke."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Sijaelewa."

"Wewe mwanangu, ukikaa chumba cha watu na unajua unahama karibuni, utanunua mbao? Utapiga rangi mara tatu? Hawa wanasema kidogo tu. Mbao zile za miaka thelathini. Nimezigusa kwa mkono wangu."

"Huwaogopi wa milimani?"

"Nawaogopa sana. Andika na hilo. Nitawaogopa nikiwa kwangu."

Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi, akatoka. Wifi akaingia baada yake.

Ijumaa askari walihamia posta, na ufunguo ulikuja kweli. Mkalimani aliuleta, akapita mbele ya Mama Povu bila kumtazama, akamkabidhi wifi.

"Karatasi inasema dada wa mwenye nyumba," alisema.

Wifi alilia palepale. "Twende wote, wifi yangu. Chumba cha mbele chako. Nyumba yetu sote."

"Tume uliiambia nini?"

"Niliwaambia naogopa."

"Wakaandika nini?"

Wifi akatazama viatu vyake. "Libaki."

"Basi hiyo umepewa na wao. Mimi ya kupewa sina haja nayo, nilikuwa na ya kwangu. Nenda. Siku jeshi litakapoondoka kabisa, nitakuja kubisha, na wewe utanipisha mlangoni na mizigo yako."

Alibaki kwenye chumba cha nyuma. Watu walimwita mjinga, na wengine wakasema hana roho. Wifi naye hajaacha: kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, anasimama mlangoni na kutoa salamu. Mama Povu anaitikia, maana adabu anazo, kisha anauliza kwa hamu ya kweli ya kutaka kujua:

"Wameondoka?"

"Bado."

"Haya, pita zako."