Daraja Lililotoweka kwenye Kompyuta ya Zdravka

Zdravka Pencheva alifungua duka lake saa mbili kasorobo asubuhi, akateleka kahawa, akawasha kompyuta, na mji wake haukuwepo.

Kwa miaka kumi na moja skrini ile ilikuwa na picha ya Dolni Brod aliyoipiga mwenyewe kutoka mlimani: mto katikati, daraja la mawe, kulia nyumba, shule na kinu, kushoto makaburi na misonobari yake. Juu ya picha hiyo alikuwa amewapanga wateja wake. Maana kazi yake kubwa, ukiacha kutoa nakala na kupiga picha za vitambulisho, ilikuwa kutengeneza matangazo ya vifo, yale yanayobandikwa mlangoni kwa marehemu, kwenye nguzo na kwenye kituo cha basi. Wazee wa pale hawasubiri kufa ili wachaguliwe picha. Huja wenyewe wakiwa wamenyoa vizuri, hukaa mbele ya kamera na kusema, "Hii ndiyo ya mlangoni." Zdravka aliweka picha ya kila mmoja juu ya paa la nyumba yake. Siku mtu akifa, alimshika kwa kipanya na kumvusha daraja. Majina hakuyaandika kamwe. Kila faili ilibaki na namba iliyopewa na kamera, kwa sababu watu wake aliwajua kwa mahali walipo, kama unavyojua chumvi iko wapi jikoni kwako.

Sasa palikuwa na kilima cha buluu cha nchi asiyoijua. Vitufe vilivyokaa pembeni miaka yote vilikuwa vimehamia katikati, na watu wote, wazima na wafu, walikuwa wamemwagwa pamoja kwa mfuatano wa namba. Chini yake maneno: "Karibu. Tumekurahisishia mambo." Mwaka mzima Zdravka alikuwa akiulizwa kuhusu mfumo mpya, na mwaka mzima alikuwa akibonyeza "Baadaye". Safari hii hawakumuuliza. Alikaa kitini taratibu.

"Nani kawaomba?" aliiuliza skrini.

Lilyana wa duka la dawa aliingia na kikombe chake, kama ilivyokuwa desturi yake kila asubuhi, akachungulia. "Kumbe na wewe umeletewa. Mimi imenipendeza, shoga. Macho yangu yamepumzika. Ile ya zamani ilikuwa kama kabati la mama mkwe."

"Imekupendeza?" Aliyesema hivyo alikuwa Ognyan, karani wa meya, aliyekuja nyuma yake kutoa nakala, amevimba kwa hasira. "Nimetafuta pa kuizimia robo saa nzima. Mwisho nimechomoa waya. Meya kaniuliza kama nimelewa."

"Na ulikuwa umelewa?"

"Lilyana, ni saa mbili asubuhi."

"Hilo si jibu."

Siku nyingine Zdravka angecheka. "Wafu wangu wamechanganyika na wazima," alisema.

"Utazoea," alisema Lilyana. "Mtu huzoea kila kitu."

"Na Mitko sijui wamempeleka wapi. Mimi nilimweka hapa dukani, upande wa kulia."

Lilyana aliweka kikombe chake juu ya meza. Mitko, mumewe, alikuwa amekufa miaka mitano iliyopita. Mji mzima ulimzika. Hakuna aliyejua kwamba kwenye kompyuta hajavushwa daraja.

Hapo aliingia Rumyana, macho yamevimba. Baba yake, mzee Vasil, alikuwa amefariki jana Jumapili, na mazishi yalikuwa leo saa nane mchana. Alitaka matangazo thelathini, upesi, watu wapate habari.

Zdravka alijua pa kumpata Vasil: juu ya paa la shule, alikokuwa bawabu. Ila paa la shule halikuwepo tena. Alipekua vipicha vidogo kama kucha, Rumyana amesimama pembeni analia, mpaka akakuta wazee wawili wamefuatana, wote wamevaa tai moja. Alikumbuka mara moja. Vasil na mdogo wake Genadi walikuja siku moja, miaka mitatu nyuma, na tai yao ilikuwa moja. Wa kwanza aliivua akamvalisha wa pili. Nyuso zao zilifanana, ila mmoja alikuwa mnene na mwingine mwembamba. Mara ya mwisho Zdravka kumwona Vasil, ugonjwa ulikuwa umemmaliza, amebaki mifupa. Akamchagua mwembamba. Yalipotoka, Rumyana akalitia bunda chini ya koti bila kulitazama, na mumewe, mtu wa kuja aliyemjua mkwe wake akiwa mgonjwa tu, akazunguka mji mzima kubandika.

Saa tano mlango ulifunguliwa. Mzee Genadi aliingia na karatasi mkononi, gundi bado mbichi, akaiweka juu ya meza. Jina lilikuwa la Vasil. Uso ulikuwa wa Genadi mwenyewe.

Zdravka aliitazama karatasi, akamtazama mzee.

"Nimekuta watu wawili wamevua kofia mbele ya sura yangu," alisema mzee, akihema. "Nikawasalimia. Mmoja kakaa chini barabarani. Jirani yangu Yordanka kaniona, kaangusha bakuli zima la ngano ya kuchemsha aliyoileta kwa matanga."

"Mzee Genadi, nisamehe. Kompyuta imenibadilikia, sikujua..."

"Mimi kufa nitakufa, binti, usijali. Nina miaka themanini na mbili. Lakini kaka yangu ana siku moja tu ya kutazamwa na watu, ndiyo leo, na mmempokonya uso."

Zdravka alihisi aibu hadi kwenye mifupa. Alikuwa amefanya kazi hiyo nusu ya maisha yake, na hakuwahi kumkosea maiti. Aligeuza skrini, mzee akainamia, akaweka kidole juu ya yule mnene bila kusita. "Huyu. Ile tai ilikuwa ikimkaba."

Printa iliunguruma. Wakafunga duka, wakatoka wote wawili na ndoo ya gundi. Zdravka alibandua, Genadi akabandika. Kila alipofika kwenye uso wake mwenyewe aliugeuzia macho pembeni. Kwenye lango la Vasil karatasi ilikaa upande, na akakataa isirekebishwe. La mwisho waliliweka kwenye lango la makaburi saa nane kasorobo, jeneza likiwa tayari linapanda mlima.

Baada ya mazishi mzee alimfuata dukani. Zdravka alifungua folda mbili, moja ya wazima, moja ya waliotangulia, na kwa mara ya kwanza akaanza kuandika majina. Genadi alikaa kando yake akimsaidia kutambua nyuso. Walienda hivyo karibu saa nzima, mmoja huku, mmoja kule, mpaka ikabaki picha moja: mwanamume mwenye masharubu anayecheka, amebeba tikiti maji.

"Na huyu?" aliuliza Genadi, ingawa yeye mwenyewe alibeba jeneza lake.

"Huyu mwache kwanza. Baadaye."

Mzee alivuta kiti karibu na skrini. "Leo nimewekwa upande usio wangu kwa saa chache tu, binti. Si pazuri."

Zdravka alishika kipanya. Safari hii hapakuwa na daraja wala mto, ni nafasi ya vidole viwili tu kwenye skrini. Akamsogeza, akamwachia. Folda ilimmeza, kisha, kwa ule mtindo wake mpya, ikaweka juu ya jalada lake picha ya mwisho iliyoingia. Mitko akawa anamtazama kutoka kule.

Zdravka alilia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Mzee Genadi akavua kofia.