Mufilisi Kabla ya Harusi

Mwaka ule wa 1962 mvua ilikataa kukoma, ziwa likafurika mjini Sori na kuzimeza nyumba za ufuoni. Asubuhi moja Nashon alifungua duka lake akakuta sukari, chumvi na unga, vyote vya mkopo, vimekuwa uji. Duka likafa, deni likabaki hai. Mdai wake alikuwa Masese, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kisii aliyekuwa na ghala Homa Bay, mtu wa kupaza sauti hata kwa aliyesimama mbele ya pua yake.

Kibaya zaidi, Nashon alikuwa na mchumba. Filister, fundi cherehani, binti ya mzee Elkanah wa karibu na Awendo, alikuwa ameshatolewa ng'ombe wa mahari kabla ya mafuriko, na harusi ya kanisani ilikuwa Desemba. Ukweni Nashon alisema maji yaliingia dukani kidogo. Kidogo! Mtu na akili zake.

Masese alipoanza kutaja mahakama, Nashon alishikwa na hofu ya kweli. Akamwendea Paul, karani wa mahakama aliyesoma naye.

"Unaweza kujitangaza mufilisi," Paul akamwambia. "Wadai watagawana kilichobaki, kisha watakuacha upumue. Lakini jina lako litatangazwa, na hakuna atakayekukopesha hata kiberiti. Mahari ulitoa lini?"

"Kabla ya maji."

"Ulikuwa tayari unadaiwa?"

"Paul, bidhaa zangu zilikuwa za mkopo siku zote."

Karani akakuna kidevu. "Basi hao ng'ombe wanaweza kufuatwa. Mtu hagawi mali huku anadaiwa."

Nashon aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Mwishowe akaona heri amwombe Elkanah awarudishe ng'ombe, deni limalizwe, naye aanze upya kama mtu. Kesho yake akapanda baiskeli kwenda Awendo. Alikwenda peke yake, bila jagam, yule mshenga aliyemposea, jambo ambalo mkwe mwenye adabu halifanyi.

Alipofika, alichungulia zizini. Hakuona hata ng'ombe wake mmoja.

"Mwanangu, umekuja bila mtu," Elkanah alisema alipomketisha. "Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Nimekuja kuwaona... wale ng'ombe."

Mzee akacheka. "Umechelewa! Cephas ameshaoa nao. Sasa wako kwa kina Awino."

Cephas alikuwa kaka yake Filister, na Awino ndiye mke wake mpya. Ng'ombe wa dada humwozea kaka, na Nashon alilijua hilo tangu utoto, ila hofu ilikuwa imemtoa akili. Kabla hajajibu, Awino mwenyewe akaingia na beseni na birika, mimba yake ikiwa imeanza kuonekana. Akapiga goti kumnawisha.

"Shemeji," akamtania, "wanasema Cephas ndiye aliyenioa. Mimi nasema ni ng'ombe wako."

Wakacheka wote. Nashon naye akacheka, akazidi kunawa mikono iliyokwisha kutakata. Akilini aliona wadai wakifika hapa, kisha wakiendelea hadi kwa kina Awino, na mtoto wa watu akirudishwa kwao na mimba yake. Alimwonea huruma, akajionea haya. Neno alilolileta akalimeza.

Filister alipomsindikiza, hawakufika mbali. Nashon aliegemeza baiskeli kwenye ua, akamwambia yote: deni, Masese, mahakama, na ombi alilotaka kumpelekea mzee. Filister alisikiliza bila kumtazama.

"Karani anajua," akasema. "Masese anajua. Homa Bay nzima inajua. Mimi niko hapa nashona gauni la harusi!"

"Niliogopa utanikataa."

"Bado naweza kukukataa. Kwanza twende kwa huyo Masese. Useme haya mbele yangu."

Wakaenda. Ghala lilikuwa limejaa wateja, na Masese alimwona Nashon kutoka mlangoni. "Eh, Bwana Mafuriko! Leo umekumbuka mimi?"

Nashon alitamani ardhi immeze. Hata hivyo alisema mbele ya wote kwamba hatakwenda kujiita mufilisi. Atauza omena, wale dagaa wa ziwani, atabeba mizigo, atalipa kidogo kidogo mpaka deni liishe.

Masese akamgeukia Filister.

"Dada, unajua huyu mtu iko na deni yangu kubwa?"

"Najua."

"Nani aliambia wewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Na bado unataka yeye?"

Filister alimtazama Nashon. "Gauni nimeshalikata," akasema. "Nitampa nani?"

Wateja wakaangua kicheko. Masese akampigia kelele mpagazi alete gunia la sukari, likabwagwa mbele yao. Moyo wa Nashon ukaruka. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Wewe ngoja!" Masese alifoka. "Hii nakopesha dada. Yeye atauza, yeye atalipa, na ile faida inapunguza deni yako. Wewe jina yako bado mgonjwa. Kazi yako ni kubeba tu."

Nashon akainama, akalitia gunia begani. Watu wakampisha njia huku wakicheka, naye akamfuata mchumba wake nje, akisikia njaa kali ambayo hakuwa ameisikia tangu mafuriko.