Niliruka, Dumu Likabaki
Dhoruba ile ilinigharimu ndala mbili na heshima moja. Ndala zilirudi.

Mama mkwe wa Ujiji alinituma nimletee dumu la mawese, nikalipakia kwenye mashua ya tanga ya nahodha Saidi. Tukikaribia Ujiji, upepo ukachana tanga. "Tulia, bosi, chombo hakizami," alisema Saidi. Mimi nikaona wavuvi wa dagaa wanapita, nikaruka. Nikiwa bado majini nikawauliza nauli.

"Panda, baba," mmoja akanivuta ukosi. "Utapatana ukikauka."

Hawakunitoza hata senti. Mungu awazidishie.

Ufukweni nilimwambia mama mkwe kwamba wimbi lilinipokonya dumu, nikalipigania hadi mikono ikafa ganzi. Akavua khanga yake begani, akanifunika, akaniletea uji.

"Na Saidi?"

"Tumwombee, mama."

Uji haujapoa, mashua ikaingia taratibu. Saidi akashuka na dumu begani, ndala zangu mkononi.

"Shikamoo, mama. Mzigo wako huu. Mkweo alikuwa na haraka."

Mama alicheka hadi akakaa mchangani. "Alhamdulillahi," akasema, "wote mmerudi." Nami nashukuru kila siku. Ila khanga yake bado ninayo. Wasomaji, nishaurini: niirudishe mwenyewe, au nimtume Saidi?