Unga Mbele ya Kakakuona

Juzi niliona gari la watalii likiacha barabara kule Makote na kushuka porini, nikasikia tena harufu ya majani mabichi yaliyopondwa na magurudumu. Siku ile ya utoto wangu mwongozaji wa watalii alikuwa mjomba, nami nilipakiwa pamoja na wageni kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa.

Tulimkuta kakakuona amejikunja. Kwetu mnyama huyu akionekana huwekewa vitu mbele yake, na anachokiendea ndicho utabiri wa mwaka. Mjomba akaweka maji na unga.

"Mjomba, muulize kama mama atapona."

"Akigusa unga, atapona," alisema, akiwakonyeza wageni.

Kakakuona alijikunjua, akaelekea kwenye maji. Mjomba akamsukuma kwa buti mpaka pua ikazama kwenye unga. Wageni walicheka. Mimi nilidhani anamwonyesha njia.

Jioni nilimkimbilia bibi. "Shikamoo bibi! Kakakuona kasema mama atapona!"

"Marahaba. Kweli?" Bibi alikuwa amefunga mzigo wa kumpeleka mama hospitali, Ndanda. Akaufungua. "Basi tusimsumbue mgonjwa. Tungoje."

Mjomba alisikia yote akiwa mlangoni. Akageuka, akaenda zake. Tulingoja siku tatu, na ya nne tukamzika dada yake.